Chapeli Inayochafua Migongo

Sawa, chokaa inachafua nguo, sijakataa. Lakini nguo unaifua, inakauka, Jumapili nyingine unaivaa. Ukuta ukishapigwa lipu ya simenti utaufulia wapi?

Ndivyo nilivyomjibu shangazi, nimesimama kwenye mlango wa jiko lake pale Korogwe, ungo wa mchele mkononi, nusu nimechambua, nusu bado. Yeye alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi na hata hakugeuka. Alisema wageni wanakuja na vitenge vya sare walivyoshonesha kwa ajili ya siku hiyo tu, wengine wanatoka Dar, wengine Arusha, halafu waingie kwenye ibada wamependeza na watoke migongo myeupe kama wabeba unga. Watu watauliza mwenyekiti wa maandalizi ni nani. Ni yeye.

Nikasema si wasiegemee.

Shangazi akacheka kwa pua. "Kwa mahubiri ya padre yule? Wewe mwenyewe uliweza?"

Sikuweza. Hapo alinikamata, na alijua amenikamata, kwa sababu mimi na yeye tumesoma shule moja, yeye zamani sana, mimi juzijuzi tu, na chapeli ya shule hiyo ilituchafua wote wawili.

Sare yetu ilikuwa gauni la kijani, na kuta za chapeli zilikuwa za chokaa. Ukisinzia kwenye sala ya jioni utaegemea, na ukiegemea utatoka na alama. Matroni hakuwa na haja ya kukaa ndani kutuchungulia. Alikaa nje barazani kwenye kiti chake, anasubiri tutoke, halafu anatuangalia kwa nyuma. "Wewe mweupe, baki." Waliobaki walisugua sakafu. Kwa hiyo ile sakafu nyekundu iliyokuwa inang'aa mpaka unaiona taa ndani yake, ambayo kila mgeni aliisifia, ilikuwa kazi ya watu waliosinzia. Mimi niliisugua sana.

Na ni katika kusugua ndipo nilipoijua ile chapeli. Ukiwa umepiga magoti na kitambaa huna pa kuangalia ila kwenye kuta, na mimi nisipokuwa na cha kuangalia naanza kuuliza. Kwa nini dirisha kwa nje ni jembamba kiasi kwamba mtu mzima hapiti, halafu kwa ndani limepanuka mpaka unaweza kukaa na miguu yako juu? Jibu nililiona mwenyewe siku moja mchana: jua linaingia kidogo, linapiga kwenye ule mteremko mweupe wa pembeni mwa dirisha, likifika kwenye mabenchi limeshapoa, limebaki mwanga tu. Ukuta ni wa mawe, mnene, ukinyoosha mkono wote dirishani vidole havitokei upande wa pili. Juu, kabla ya paa, kuna mstari wa matofali yaliyopangwa kwa kuachana, matundu matundu kulizunguka jengo lote, na joto likipanda linatokea huko. Nyuma ya altare ukuta hauna kona, unajipinda nusu duara, na nadhani ndiyo maana padre hata akinong'ona anasikika mpaka benchi la waliochelewa. Nje kuna baraza pande mbili ndefu, na nguzo zake fupi nene, kwa hiyo jua la saa nane haligusi ukuta wenyewe. Paa zamani lilikuwa la vigae, siku hizi ni bati, na mvua ikinyesha ibada inasimama yenyewe.

Feni hakuna. Korogwe, mahali ambapo unaoga na jasho linaanza kabla hujajifuta, kuna jengo halina hata feni moja na watu wanasinzia humo kwa ubaridi. Shule nzima tulikuwa tunalijua hilo na hakuna aliyelisema. Ungesema unapenda kuta ungechekwa mpaka likizo.

Halafu kulikuwa na utaratibu wake. Kidato cha nne wakikaribia kuondoka, wanaipaka chapeli chokaa. Wenyewe, msaragambo, kazi ya wote kwa pamoja, siyo mafundi. Wanaloweka chokaa ya mawe kwenye mapipa nyuma ya jiko la shule, inachemka bila moto na kutoa moshi, sisi wadogo tunakimbia. Inafunikwa magunia, inaachwa mpaka ilainike kama mtindi. Ikiwa tayari inachujwa kwa kanga kuukuu, inatiwa chumvi ili ishike, na bluu ya kufulia kidogo tu, ili weupe uwe weupe kweli. Burashi zilikuwa vipande vya katani vilivyopondwa ncha mpaka vikawa nyuzi, maana katani upande huu haijawahi kuwa tatizo. Siku ya kupaka hakuna masomo. Wadogo wanabeba maji, wakubwa wanapaka huku wanaimba, na kila darasa linataka chapeli yake iwe nyeupe kuliko ya waliopita.

Nilisubiri zamu yangu tangu kidato cha kwanza. Tulipofika cha nne utaratibu ukafutwa. Wazazi fulani walilalamika kwamba watoto wanafanyishwa kazi za vibarua na mtihani umekaribia, uongozi ukaona isiwe taabu, badala yake tukaletewa mahafali ya muziki wa kukodi. Tulicheza, sikatai. Ila chapeli haikupakwa, na baada ya sisi ikaanza kuonekana chafu, basi ukuta mmoja, ule wa upande wa milimani, ukapigwa lipu ya simenti na rangi ya mafuta, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ikasemwa kuta nyingine zitafuata.

Sasa zamu ya hizo kuta nyingine ilikuwa imefika. Wanafunzi wa zamani walikuwa wanakutana, shangazi ndiye mwenyekiti, na mimi nililetwa kutoka Handeni kumsaidia, kwa sababu niko nyumbani nasubiri kwenda chuo na mama amechoka kuniona nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mpango wa shangazi ulikuwa kuta zote lipu ya simenti, halafu marumaru kuanzia chini mpaka usawa wa mabega, ili mtu aegemee kwa raha zake. Fundi alitakiwa kuanza kesho yake.

Na kesho yake hiyohiyo asubuhi, mimi nilikuwa na tiketi ya basi la kurudi Handeni. Sikuwa nimemwambia shangazi. Nilikata tu, nikaiweka kwenye kava la simu. Kukaa mahali pamoja kunaniwasha, na kitu kikiwa kinaharibika mbele ya macho yangu na mimi sina sauti, naona bora kiharibike mimi nikiwa sipo.

Shangazi alimaliza ule ubishi wa jikoni kama anavyomaliza ubishi wote, kwa kunipa kazi. Niache mchele, nichukue chupa ya chai na vitumbua nimpelekee fundi chapeli, nimwambie mama mwenyekiti amesema kesho aanze na ukuta wa kuingilia.

Nilimkuta fundi ameshaanza. Hakuwa anapiga lipu bado, alikuwa anaugonga ukuta wa kuingilia kwa nyundo na tindo, anauachia vidonda vidogovidogo ili simenti ipate pa kushika. Ni kijana wa Mombo, Msambaa, mchangamfu, na kazi yake anaipenda. Kabla hata hajanawa mikono alinifungulia boksi la marumaru nione. Zilikuwa na maua ya kijivu. Alisema akimaliza humu ndani utadhani hoteli. Mimi nilifikiria bafu la hoteli, lakini nilimmiminia chai.

Wakati anakunywa nikaenda kuuangalia ule ukuta wa milimani. Sikuwa nimeugusa tangu niondoke shule. Kwa mbali ulikuwa sawa, kwa karibu ulikuwa mgonjwa. Kuanzia chini mpaka kiunoni rangi ilikuwa imejaa malengelenge. Mengine yalikuwa yamepasuka na kutoa unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Najua ladha kwa sababu niliuonja. Niliweka kiganja, kikatoka na unyevu. Nikavuka nikaweka kiganja kwenye ukuta wa upande wa pili, wa chokaa, ambao fundi alikuwa bado hajaufikia. Kiganja kikatoka kikavu, kimejaa weupe.

Nikamwambia fundi ukuta ule umelowa.

Akasema huku anatafuna, "Dada, nyie wa Handeni maji mnayaona kwenye madumu tu. Utajuaje ukuta uliolowa?"

"Sisi wa Handeni maji tunayanusa," nikamwambia. "Nyie Wasambaa mmezaliwa kwenye ukungu wa milimani, hata mkilowa hamjui."

Akacheka mpaka chai ikamwagika kidogo. Lakini hakuinuka kuja kugusa. Alisema yeye mama akisema lipu anapiga lipu, mama akisema marumaru anabandika marumaru. Na kama kweli kuna unyevu, basi ni mawe ya zamani yamechoka, na mawe yaliyochoka dawa yake ni kuyavalisha simenti yasipate baridi. Aliongea kwa uhakika kabisa, kama anaongelea mtoto na sweta. Nilitaka kubishana lakini sikuwa na cha kubishia zaidi ya kiganja changu.

Nilipokuwa nakusanya vyombo ndipo nilipokanyaga kipande cha ukuta. Kilikuwa kimebanduka pale alipokuwa anagonga, kikubwa kama kiganja, kizito kuliko nilivyodhani. Nilikiokota nikitupe nje. Kwenye jua nikaona pembeni yake, pale kilipokatika, kina tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyosukumwa vizuri. Ilikuwa chokaa tupu, miaka na miaka ya chokaa. Tabaka moja jeupe la maziwa, lingine la majivu, lingine lina umanjano, na hakuna weupe uliofanana na mwenzake. Hayo yalikuwa madarasa. Wote waliokimbilia kuwa weupe kuliko waliopita walikuwa humo wamelaliana.

Na katikati, tabaka moja lilikuwa bluu. Sisemi weupe wenye ubluu. Bluu kabisa, bluu ya shuka la zahanati.

Nilifunga kile kipande kwenye kanga na nikaondoka karibu kukimbia. Chupa ya chai niliisahau.

Shangazi alikuwa amehamia uani, anaanua nguo. Nilimwekea kipande mkononi. Alikigeuza, akakisogeza mbali kama wanavyofanya watu wasiopenda kuvaa miwani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko cha watu wazima kisichotoa sauti.

Alipopata pumzi akanieleza. Mwaka wao, yeye ndiye aliyekabidhiwa bluu. Darasa lililowatangulia lilikuwa limesifiwa mno na yeye alitaka kuwafunika. Alifunga bluu kwenye kitambaa kama tunavyofanya kwenye nguo, akachovya pipani, akachovya tena, akaona rangi haiji. Akamimina pakiti yote. Ikazama chini, ikayeyukia huko taratibu, na wao walimalizia kupaka jioni, giza limeingia, kwa taa ya chemli, na kwenye mwanga wa taa ile kila kitu ni cheupe.

"Asubuhi tukaingia kusali," alisema, "tukakuta tumo ndani ya zahanati."

Mkuu wa shule hakuwaruhusu kurudia. Alisema walichopaka watakisalia, na wakasali ndani ya bluu mpaka walipoondoka. Shangazi alipokuja kuchaguliwa unesi, wenzake walisema yeye alianza kazi kabla ya chuo. Wakamwita Bluu. Wanamwita hivyo mpaka leo, ana miaka chungu nzima ya ukunga, amewazalisha wanawake wa nusu ya mji na wengine wa Makuyuni huko mashambani wanamfuata yeye tu, na bado mtu anapiga simu kutoka Arusha anauliza, Bluu, chapeli itakuwa tayari?

Mimi nikadhani tumemaliza. Nikadhani mtu akiona mwaka wake mwenyewe umelala ndani ya ukuta hawezi tena kumwambia fundi aufunike. Shangazi alijifuta macho kwa pindo la kanga, akanirudishia kipande.

"Basi hiyo ndiyo sababu nzuri zaidi ya kupiga simenti kabla hawajafika."

Ilinichoma. Nikamwambia kumbe siyo nguo za wageni anazozihurumia, anajifunika yeye. Niliyasema haraka kama ninavyosema mambo yangu yote. Yeye akaacha kucheka.

"Chunga mdomo wako, mwanangu."

Nikaomba radhi. Alikunja nguo zilizobaki, moja moja, pole pole, na mimi nimesimama pale na kipande changu, miguu inataka kwenda mahali popote. Halafu akauliza ni nini hasa nilichokiona huko mpaka nikaacha chupa yake ya chai. Nikamwambia kuhusu malengelenge. Alipoingia ndani kubadilisha kandambili kuvaa viatu ndipo nilipojua kwamba tunakwenda.

Njia nzima alikuwa akiitikia marahaba tu.

Fundi alipomwona mama mwenyekiti alisimama akajipangusa suruali. Shangazi alimsalimia, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa milimani, akainama. Hakuweka kiganja kama mimi. Aliweka kidole gumba, akabonyeza, akahesabu kimoyomoyo, akakitoa, akaangalia. Nimeshamwona akifanya hivyo kwa mama mjamzito aliyekuja nyumbani na miguu iliyojaa. Rangi ilibaki imebonyea.

"Huu umevimba," alisema. Ilikuwa sauti yake ya kazini.

Nilianza kuongea hapohapo: simenti imeziba, ukuta wa mawe unanyonya maji chini ardhini na ulikuwa unayatolea kwenye chokaa, sasa hauna pa kutolea, yanakaa humo. Aliniacha nimalize. Akasema upande huu ndio unaopigwa na mvua inayoshuka milimani. Ulikuwa unapigwa hata enzi zao. Najuaje kwamba siyo mvua tu?

Sikujua. Hilo ndilo jambo ambalo sikuwa nimelifikiria, na nilikuwa nimetembea na uhakika wangu tangu asubuhi kama mtu aliyebeba maji kwenye ungo. Mwisho nikauliza kitu pekee nilichokuwa nacho: enzi zao, ukuta huu ulikuwa unalowa?

Shangazi aliinuka. Magoti yalikuwa yanamuuma, akasogea kwenye benchi la upande wa pili, akakaa. Aliangalia madirisha ya ule ukuta mgonjwa, yale yaliyopanuka kwa ndani. Akasema pale ndipo walipokuwa wanapanga vitabu vya nyimbo, kwenye ule upana wa dirisha, vimelaliana, hakukuwa na kabati. Nikaona anajiuliza mwenyewe. Halafu akasema, siyo kwangu, kwa dirisha, kwamba vitabu vile havikuwahi kuota ukungu. Masika na masika. Alikuwa anavigawa yeye, angekumbuka.

Fundi akasema labda karatasi za zamani zilikuwa nzuri.

Nilidhani sasa tumemaliza kweli. Lakini shangazi hajawahi kukuachia mlango kabla hujaonyesha kwamba utaufunga nyuma yako.

"Haya, tuseme ni simenti," alisema. "Chokaa inataka kupakwa kila mwaka. Simenti haimtaki mtu. Wanafunzi siku hizi hawapaki. Mimi magoti haya unayaona. Nani atapaka?"

Nikasema watu watapatikana.

"Watu nani? Wewe?" Akamgeukia fundi kama anamtafutia shahidi. "Huyu alianza kushona, cherehani ya mama yake ikakaa na gauni nusu mpaka panya wakazaa kwenye mkono wa gauni. Akaanza kuku, akawachoka kabla hawajataga. Akapika maandazi, Handeni nzima ikasifia, wiki iliyofuata hakuna maandazi. Leo amependa ukuta."

Fundi aliangalia chini lakini nilimwona anatabasamu. Ningeweza kubisha neno moja moja, panya walikuwa wale wa jirani na kuku walikuwa na ugonjwa, lakini nilikuwa na tiketi kwenye kava la simu na ilikuwa inanichoma mapajani kupitia mfuko.

"Nipe huu," nikasema.

"Upi?"

"Huu uliovimba. Nitautoa simenti mwenyewe, nitaupaka chokaa. Usipokauka, fundi apige anachotaka kote."

Alinitazama juu mpaka chini. Sijui aliona nini, mimi ningekuwa yeye nisingenipa. Halafu akamwambia fundi kesho aanze na sakafu ya baraza, kule simenti haina ubaya, na kuta aziache kwanza. Fundi aliuliza na marumaru je, zimeshafika. Shangazi akasema zitapata pa kwenda, choo cha wageni hakijawahi kupambwa.

"Mguu ukivimba hivi hatuufungi bandeji," alimwambia, "tunatafuta kwanza chanzo." Kwangu mimi hakusema kitu cha kunisifu. Alisema tu kwamba nikikimbia, simenti itapigwa siku hiyohiyo, na nikiwa nimeshakimbia nisije kumwambia habari za kuta tena, maisha yangu yote.

Aliposimama ndipo nilipoona. Alikuwa amekaa benchi la upande wa chokaa muda wote ule, ameegemea, amejisahau. Blauzi yake ilikuwa ya rangi ya zambarau iliyoiva, na kuanzia mabegani mpaka kiunoni ilikuwa nyeupe. Fundi aliona pia. Tulitazamana, na kwa mara ya kwanza siku ile yeye Msambaa na mimi Mzigua wa Handeni tulikuwa upande mmoja. Hakuna aliyemwambia.

Nilitembea nyuma yake mpaka nyumbani. Watu walimpa shikamoo kwa heshima zao zote, akaitikia kwa heshima zake zote, na akishapita waligeuka kumwangalia mgongo. Nilijiuma shavu nisicheke. Jambo moja nililiwaza: matroni angemwambia abaki.

Wakati wa kula wali alinieleza kuhusu chokaa, kwa maneno machache, kama anayemweleza mtu ambaye huenda hatakuwepo. Chokaa haipakwi siku inayoloweshwa. Ukiiharakisha, vipande ambavyo havijaiva vinakuja kupasukia ukutani na kudondokea watu kwenye sala. Inataka kukaa kwenye maji yake, na ikikaa inataka mtu wa kuiongezea maji kila siku, maana ikikauka ndani ya pipa umeipoteza. Alisema pipa lake la maji ya mvua nyuma ya nyumba halina kazi kwa sasa. Kuhusu bluu hakugusia, na mimi sikuuliza.

Baadaye nilikaa kitandani na begi langu lililokuwa limeshapangwa. Nilitoa tiketi kwenye kava la simu nikaiangalia. Najijua. Nikianza na nyundo, nitagonga siku ya kwanza kwa hasira mpaka mikono iote malengelenge kama ya ukuta, siku ya pili nitagonga kwa sababu nilisema, na baada ya hapo nitaanza kusikia honi za mabasi kule stendi na nitapata sababu. Nyundo haimshikilii mtu. Ukiiweka chini inakaa hapo hapo ulipoiweka, hata mwaka mzima.

Kwa hiyo niliamua hivi. Asubuhi, kabla ya chai, kabla fundi hajafika, kabla sijagusa nyundo wala tindo, nitaliviringisha lile pipa mpaka nyuma ya chapeli, nitanunua chokaa ya mawe mara tu mwenye duka akifungua, na nitailoweka. Nitaisikia ikichemka. Basi la Handeni litakuwa linatoka stendi wakati huo na kiti changu kitupu, na mimi nitakuwa na pipa ambalo keshokutwa litakuwa linanidai maji.